Jinsi ya kusoma barua ya biashara iliyovuka Atlantiki karne ya 19: mwongozo kamili

Ukifungua picha ya barua iliyotoka Liverpool mwaka 1832 kwenda New York, cha kwanza kukukwaza hakitakuwa Kiingereza chake. Utatafuta bahasha usiione. Kuna karatasi moja pana, imekunjwa ikaingizwa ndani yake yenyewe, ikabanwa kwa lakiri nyekundu, na anwani imeandikwa mgongoni. Pembeni kuna tarakimu zilizochorwa harakaharaka, mhuri uliofifia na jina la merikebu. Mwenye papara huruka hayo yote akakimbilia ndani. Huko anakutana na "yours of the 14th ult.", "exchange 108", "middling 6¼", anafunga anaenda zake.

Mimi niliingia humu kwa mlango wa Unguja. Nilikuwa natafuta habari za merikani, lile guo la pamba lililotapakaa pwani hadi bara, nikaangukia barua za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, alifika mwaka 1837, na barua za wenzake na zake zimejaa pembe, sandarusi na ngozi. Sikuelewa hata nusu, mpaka nilipotambua kwamba mwandiko ule ulikuwa desturi ya Atlantiki nzima. Mtu wa Salem aliandika kama wa Liverpool, wa Liverpool akaandika kama wa New Orleans. Ukimudu moja, nyingine zinafunguka.

Shika jambo moja tangu sasa. Barua hizi hazikuandikwa zisomwe moja moja. Kila moja inajibu barua iliyoandikwa wiki kadhaa nyuma, na mwandishi wake hajui bei ya leo ng'ambo ya pili. Basi kabla ya kuuliza barua inasema nini, uliza siku ile mwandishi alikuwa anajua nini.

Hatua ya 1: Soma nje kabla ya ndani

Bahasha haipo kwa sababu ya pesa. Zamani posta ilitoza kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, yaani gharama mara mbili. Uingereza iliacha mtindo huo mwaka 1840 ikaanza kupima uzito, Marekani ikafuata mwaka 1845. Kwa hiyo barua ya 1835 yenye bahasha ni jambo la kushangaza, ya 1855 isiyo na bahasha si ajabu sana, maana makarani wazee hawakubadili mikono yao kwa siku moja. Ubahili huohuo ndio uliowafanya wengine wajaze ukurasa, waugeuze robo mzunguko, kisha waandike tena juu ya maandishi ya kwanza. Ukikutana na ukurasa wa namna hiyo, izungushe picha kwenye skrini na usome mistari ya upande mmoja tu. Jicho litazoea baada ya dakika chache.

Sasa zitazame tarakimu za mkono. Si namba za kumbukumbu, ni deni. Barua iliyofika Marekani kwa merikebu ya kawaida ilitozwa senti 6 kama mpokeaji yumo katika bandari ileile. Kama ilipaswa kuendelea bara, ilitozwa senti 2 za nahodha pamoja na nauli ya posta ya ndani. Chukua barua iliyoshushwa New York ikaenda Boston katika miaka ya 1830. Umbali huo uko kati ya maili 150 na 400, nauli yake kwa karatasi moja ni senti 18¾. Ongeza 2, unapata 20¾, na ndiyo utakayoiona kwenye kona, pengine kando ya neno "SHIP". Ukiona 39½, barua ilikuwa ya karatasi mbili. Zaidi ya maili 400 ilikuwa senti 25, kwa hiyo karatasi moja husomeka 27.

Hiyo robo tatu ya senti imetoka wapi? Mifukoni mwa Wamarekani zilizunguka fedha za Kihispania, na reale moja ilikuwa sehemu ya nane ya dola, yaani senti 12½. Reale moja na nusu ni 18¾. Usiichanganye na reale ya pwani yetu, ambayo ilikuwa dola nzima.

Kuanzia 1849, baada ya mkataba wa posta wa Marekani na Uingereza, hesabu inabadilika. Barua isiyozidi nusu wakia ililipiwa senti 24, zikigawanywa hivi: 5 za posta ya ndani Marekani, 16 za bahari, 3 za posta ya ndani Uingereza. Ukiona 19 kwa wino mwekundu kwenye barua iliyolipiwa Marekani, maana yake Waingereza wanadai 16 na 3, kwa kuwa meli iliyobeba ni yao. Ukiona 3 nyekundu, meli ilikuwa ya Kimarekani. Kwa kawaida wekundu ni wa kilicholipwa, weusi ni wa kinachodaiwa. Nauli ilishuka hadi senti 12 mwaka 1868, kisha 6 mwaka 1870. Barua isiyo na tarehe, hata ikiwa imechanika kichwani, inaweza kukadiriwa umri kwa tarakimu hizi tu.

Kabla hujageuza, tafuta mstari mdogo ulioandikwa kwa mwandiko mwingine ukingoni, mara nyingi ukisimama wima ukilinganisha na anwani. Huo ni wa karani wa upande wa mpokeaji. Barua zilikunjwa upya zikawa vipande vyembamba na kufungwa kwa utepe katika mafungu, na juu ya kila kimoja karani aliandika jina la mwandishi, tarehe ya barua, tarehe ya kupokewa na tarehe ya kujibiwa. Mstari huo una thamani kuliko aya tatu za ndani. Unakili kwanza.

Hatua ya 2: Panga tarehe

Maneno matatu yatakurudia kila ukurasa. "Inst." ni mwezi huuhuu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 4 Machi ikitaja "20th ult.", inasema 20 Februari.

Hapo usikubali upesi. Tuseme mwandishi yuko New York, mwaka ni 1830, na anadai amepokea barua ya Liverpool ya "20th ult.". Kutoka 20 Februari hadi 4 Machi ni siku 12. Hakuna merikebu ya matanga iliyovuka kuelekea magharibi kwa siku 12. Upepo ulikuwa usoni, na safari ya siku 38 ilikuwa ya kawaida. Basi ama karani alikosea mwezi, ama barua anayoijibu imetoka karibu, labda Philadelphia. Mimi nimeshapoteza jioni nzima nikitafuta barua ya Liverpool ambayo haikuwahi kuwepo, kwa kutofanya hesabu hiyo ya kutoa.

Jambo jingine la tarehe: nyumba kadhaa kubwa za biashara za Liverpool na New York zilikuwa za Wakweka, dhehebu la Kikristo, na wao hawakupenda majina ya miezi kwa kuwa yana asili ya miungu ya Kirumi. Waliandika "5th mo. 12", yaani 12 Mei. Ukiona hivyo, umepata pia fununu ya dini ya mwandishi, na katika biashara ile dini ilikuwa mtandao wa kuaminiana. Kampuni ya Cropper, Benson, mawakala wa kampuni ya merikebu ya Black Ball pale Liverpool, ni mfano mmoja.

Hatua ya 3: Itafute merikebu

Kona ya chini kushoto ya anwani utaona "per" na jina, wakati mwingine hiyo "per" ikiwa imefupishwa kuwa herufi p yenye mkia uliokatwa. Jina hilo ndilo saa yako.

Kabla ya 1818 merikebu iliondoka ikijaa. Nahodha alisema keshokutwa, mzigo haukutimia, wiki mbili zikapita. Tarehe 5 Januari 1818 merikebu James Monroe ya kampuni ya Black Ball iling'oa nanga New York katikati ya theluji, siku iliyotangazwa, haikungoja kujaa. Tangu hapo mfanyabiashara aliweza kupanga barua zake kwa kalenda, na ndiyo maana barua nyingi zimeandikwa usiku wa kuamkia siku ya safari, mistari ya mwisho imebanana na wino umechafuka. Kwenda mashariki, upepo ukiwa mgongoni, wastani ulikuwa kama siku 24.

Mwezi Aprili 1838 Sirius na Great Western zilifika New York kwa mvuke, zikipishana kwa siku moja. Tarehe 4 Julai 1840 Britannia ya Samuel Cunard iliondoka Liverpool, ikafika Boston kwa wiki mbili, ikipitia Halifax. Sisi tuliirithi enzi hiyo ndani ya lugha: neno "meli" limetokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa chombo cha mvuke kilijulikana kwa mkoba wa barua kilioubeba. Na mwaka huohuo wa 1840, tarehe 30 Aprili, Sultana, merikebu ya Sayyid Said iliyotoka Unguja, iliingia bandari ya New York ikiwa na Ahmad bin Naaman kama mwakilishi wa Sultani. Mchoraji Edward Mooney alimchora, na sura yake mpaka leo ipo.

Ukishapata jina, lithibitishe katika magazeti ya mabaharia. Lloyd's List ilitolewa mara mbili kwa wiki, ikawa ya kila siku kuanzia 1837, na inaonyesha chombo gani kimeondoka wapi na kimefika lini. Tarehe ya kufika ikiwa baada ya ile ya karani kupokea barua, barua ilipanda chombo kingine.

Hatua ya 4: Angalia kama unasoma barua au nakala yake

Bahari ilimeza barua. Dawa yake ilikuwa kuandika zaidi ya mara moja. Juu ya ukurasa utaona "Duplicate" au "Copy", halafu "Original per" na jina la merikebu nyingine. Mara nyingi karani alinakili barua ya wiki iliyopita yote, akachora mstari, kisha akaanza barua ya leo chini yake. Msomaji mgeni huziunganisha akashangaa mwandishi anajipinga: juu bei inapanda, chini imeanguka. Kumbe ni barua mbili, siku tisa kati yao.

Nakala za nyumbani ni suala jingine. James Watt alipata hataza ya mashine ya kunakili mwaka 1780: barua iliyoandikwa kwa wino maalumu ilibanwa na karatasi nyembamba iliyoloweshwa, maandishi yakahamia kinyumenyume, nayo karatasi ikasomwa kwa mgongoni. Vitabu vya karatasi hizo ndivyo vilivyotunza barua zilizotoka. Picha zake ni hafifu, ongeza weusi kwenye simu yako kabla ya kulaumu macho.

Hatua ya 5: Zoea mkono

Hapa sitakaa sana, maana ni mazoezi. Herufi s ya kwanza kati ya mbili hurefushwa, "Congress" ikasomeka kama ina p au f. Maneno hufupishwa na herufi za mwisho kuinuliwa juu: "rec'd" (received), "acct" (account), "obt servt" (obedient servant). Ukikwama, tafuta neno hilohilo mahali pengine ambapo aliandika kwa utulivu. Salamu za mwisho ni desturi tupu, hata adui aliandikiwa kwamba mwandishi ni mtumishi wake mtiifu.

Hatua ya 6: Piga hesabu zao upya

Usisome namba, zihesabu. Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi ilikuwa peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Pamba Liverpool iliuzwa kwa peni kwa ratili, na daraja lake likitajwa kama "ordinary", "middling" au "fair". Chukua marobota 100, kila moja ratili 400: ni ratili 40,000. Kwa peni 6 ni peni 240,000, yaani pauni 1,000 kamili. Sasa bei ipande kwa sehemu ya nane ya peni. Inaonekana si kitu, lakini ni peni 5,000, sawa na pauni 20, shilingi 16 na peni 8. Ndiyo sababu mtu anaandika kurasa mbili juu ya thumuni ya peni. Mshahara wa karani umo mle.

Jambo linalowachanganya hata wasomi ni "exchange 109½". Si bei ya kitu. Kwa mapokeo ya zamani dola ilihesabiwa shilingi 4 na peni 6, kwa hiyo pauni ikawa dola 4.44 na kitu. Thamani halisi ya dhahabu, kuanzia katikati ya miaka ya 1830, ilikuwa kama dola 4.87. Badala ya kubadili kipimo, wafanyabiashara waliongeza asilimia: "109½" ni asilimia 109½ ya kipimo hicho cha zamani. Hesabu hivi: pauni 500 mara 40, gawanya kwa 9 (ndiyo ile 4.44), unapata dola 2,222.22. Zidisha kwa 1.095, unapata 2,433.33. Kwa hiyo 109½ ndipo mizani inapolingana. 108 inamaanisha pauni ni rahisi New York, na pauni zilezile 500 ni dola 2,400. Mtindo huo uliendelea hadi mwisho wa 1873. Ukimwona mwandishi anasema pauni imepanda "asilimia tisa", usimwonee huruma, hakuna kilichopanda.

Hatua ya 7: Karatasi zilizoambatana

Hati ya shehena ni fomu iliyochapwa, mapengo yakajazwa kwa kalamu: jina la merikebu, la nahodha, bandari, idadi ya marobota. Zilitolewa nakala tatu au zaidi, na ikitimizwa moja, nyingine zinabatilika. Pembeni kushoto utaona alama, labda herufi mbili ndani ya umbo la almasi, na namba. Alama hiyohiyo ilipakwa kwenye robota lenyewe, ukiifuata utaukuta mzigo huohuo katika ankara na katika hesabu ya mauzo miezi mitatu baadaye. Soma kilichoongezwa kwa mkono kuliko kilichochapwa. Nahodha akiandika chini kwamba hajui uzito wala kilichomo ndani, anajivua lawama mapema.

Hawala, yaani hati ya kumwagiza mtu alipe, ndiyo roho ya biashara nzima. Mwuza pamba wa New Orleans hakungoja pamba iuzwe. Siku ya kupakia aliandika hawala juu ya nyumba ya London au Liverpool, ilipwe siku 60 baada ya kuonyeshwa, akaiuza palepale kwa aliyehitaji pauni. Hawala nayo ilitolewa kwa seti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja kwa chombo chake. Wazee wetu wa pwani walioshughulika na hundi za Kihindi wasingeona jambo geni hapo. Ukisoma hawala, andika kando majina manne: aliyeiandika, anayeagizwa kulipa, anayelipwa, na walioidhinisha mgongoni. Mgongo wa hawala ni orodha ya watu waliokuwa wanaaminiana.

Na wakiacha kuaminiana? Mwezi Juni 1837 nyumba tatu za London zilizobeba hawala nyingi za Wamarekani, yaani Wilson, Wiggin na Wildes, zilisimamisha malipo. Soma barua ya New York ya mapema Juni ile kwa kumbukumbu kwamba mwandishi hajui bado. Anaagiza, anapanga, anauliza hali ya afya ya mke wa mtu.

Hatua ya 8: Tafuta wasiotajwa

Marobota yale ya New Orleans, Mobile na Charleston yalichumwa na watu waliokuwa watumwa. Barua hazisemi. Zinasema "crop", zinasema "receipts", na zikifika kwenye watu zinasema "hands", kana kwamba mikono ilitembea peke yake. Usitegemee neno la utumwa lijitokeze. Tafuta mikopo: dalali anapomkopesha mwenye shamba, soma dhamana ni nini, na mara nyingi ni watu hao. Guo la Massachusetts lililofika Unguja likabadilishwa kwa pembe lilifumwa kwa pamba hiyohiyo, kisha pembe ikateremka pwani mabegani mwa watu wengine, ambao nao hawamo katika barua za Salem.

Hatua ya 9: Baada ya 1866, badili masikio

Waya wa simu ya maandishi (telegrafu) wa chini ya bahari wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache. Ule wa 27 Julai 1866 ulidumu. Mwanzoni ujumbe wa maneno 20 uligharimu pauni 20, kwa hiyo watu walianza kutumia maneno ya siri, neno moja likibeba sentensi nzima. Barua nazo zikageuka kuwa uthibitisho wa simu iliyokwishatumwa. Ukikuta katikati ya barua ya 1870 jina la ua au la mnyama bila sababu, kamusi haitakusaidia. Unahitaji kitabu cha maneno cha kampuni ile.

Hatua ya 10: Jedwali lako

Barua zenyewe zipo. Hifadhi ya benki ya Baring iko London, karatasi za ukoo wa Rathbone ziko Chuo Kikuu cha Liverpool, maktaba ya Baker iko Harvard, na za Salem ziko maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Kabla ya kutafsiri hata sentensi moja, chora safu nne: iliandikwa lini, ilipanda chombo gani, ilipokewa lini, ilijibiwa lini. Jaza kutoka nje ya barua, siyo ndani.

Utakutana na mapengo. Ikiwa katika daftari la nakala la Liverpool utaona barua ya karibu na tarehe 20 Septemba 1854 "per Arctic", safu ya tatu iache tupu. Meli hiyo iligongana na Vesta kwenye ukungu karibu na Newfoundland tarehe 27, ikazama na mamia ya watu. Nenda ukurasa unaofuata wa daftari, utafute neno "Duplicate".